Flati za zamani za kupangisha: hela ianze kwenye maji, tailizi zitasubiri

Mwenye nyumba akiniita nikaangalie flati yake ya zamani mara nyingi anakuwa ameshaambiwa na fundi cha kufanya, na orodha ni ile ile kila nyumba: toa luva (madirisha ya vipande vya vioo vinavyoinama) weka aluminiamu ya kusukuma, funika sakafu ya terazo kwa tailizi, shusha jipsamu na taa za kujificha, ng'oa milango ya mninga weka ya kisasa, halafu piga rangi. Ukijumlisha hapo ni mamilioni, na hakuna hata shilingi iliyoenda kwenye kitu kinachoimaliza hiyo nyumba, yaani maji. Maji ya paa, maji ya bafu la juu, maji ya bomba lililooza ndani ya ukuta, maji yanayotoka ardhini. Mimi kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha za watu hapa Dar, nyingi Upanga na Ilala, na hili jambo linaniuma kwa sababu naona watu wenye kipato cha kawaida, wengine wamerithi flati moja tu na ndiyo inayosomesha watoto, wanamwaga akiba yote kwenye sura na baada ya masika mbili ukuta umechanua chumvi upya kama haujawahi kuguswa.

Haya majengo ukiyafahamu utayaheshimu. Mengi ya Upanga na katikati ya mji yalijengwa miaka ya 1950 na 1960, zege nzito, kuta nene, dari ya juu, madirisha pande mbili. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali cha kuyasimamia, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa ambalo lenyewe lilikuwepo tangu 1962. Kwa miaka mingi kodi zilikuwa ndogo na matengenezo yakawa yanasubiri, na hata majengo ya watu binafsi yalipita humo humo kwenye hali ya saruji kuadimika na hela kutokuwepo. Kwa hiyo unachokiona leo ni jengo zuri lililokosa matunzo, na tofauti hiyo ni kubwa sana ukija kwenye bajeti, maana jengo bovu unalijenga upya lakini jengo lililokosa matunzo unalitibu tu.

Kabla ya kununua hata msumari piga hesabu moja. Tuseme flati inaingiza laki 6 kwa mwezi. Mpangaji akihama kwa sababu dari ya bafuni inadondosha maji kwenye kichwa cha mtoto, ukakaa miezi mitatu bila mtu, hapo imeondoka milioni 1.8, na dalali naye anadai chake, na huyo mpya atakuta dari ile ile. Hela hiyo ingetosha kabisa kurekebisha bafu la juu na kubaki. Mimi ndiyo napimia ukarabati hivyo, siulizi hii kazi itanipandishia kodi kiasi gani, nauliza itamfanya mpangaji mzuri akae miaka mingapi zaidi, na mpangaji hakai kwa sababu ya taa za kujificha, anakaa kwa sababu maji yanatoka bombani, hayatoki darini, umeme hauruki, na usiku kunapita upepo.

Sasa tuanze juu. Majengo mengi ya enzi hizo yana paa la zege lililolala, na paa la namna hiyo linakufa kwa sababu ndogo ndogo, majani ya mwarobaini yanaziba tundu la kutolea maji, maji yanatuama wiki nzima, yanatafuta ufa, yanashuka kwenye slabu hadi kwenye nondo. Panda juu na ufagio kabla ya kupanda na fundi. Safisha matundu, mwaga ndoo kadhaa za maji uangalie yanaelekea wapi, pale yanapotuama ndipo pa kuweka mteremko kwa lipu nyembamba, na kisha ndiyo upake au ubandike kizuia maji, iwe ile ya kupaka kwa brashi au membreni ya lami inayochomwa na gesi. Watu wanaweka membreni juu ya sehemu inayotuama maji na kushangaa imebanduka, lakini mteremko ndio unaofanya kazi kubwa, membreni inasaidia tu. Na pale membreni inapokutana na ukuta wa pembeni ipandishwe juu ya ukuta angalau sentimita 15, maana kwenye hiyo kona ndipo karibu kila paa linapovuja.

Halafu simtanki. Kila mpangaji anataka tanki lake juu na naelewa kwa nini, maji ya mjini yanakuja kwa zamu, lakini lita 1,000 za maji ni tani moja kamili, na tanki la lita 5,000 likijaa ni tani tano zimekaa kwenye slabu ambayo haikuhesabiwa mzigo huo. Tanki likae juu ya ukuta unaobeba au juu ya nguzo, au liwe chini na pampu, kamwe lisiwe katikati ya chumba cha mtu. Kama kuna matanki matano tayari juu, muite injinia ayaone, malipo yake ni madogo kuliko unavyodhani.

Bafu. Hapa ndipo ningependa kila mwenye flati anisikilize vizuri. Mpangaji wa chini analalamika dari inavuja, fundi anakuja anakwangua rangi, anapiga lipu, anapaka, analipwa anaondoka, baada ya mwezi doa limerudi, na hilo doa huwezi kuliponya kutoka chini kwa sababu chanzo kiko juu, kwenye sakafu ya bafu la jirani. Kwanza jua ni bomba la maji safi au ni sakafu. Usiku mzima watu wa flati ya juu wasitumie maji ila koki kuu iwe wazi, doa likiendelea kulowa basi ni bomba. Likianza kukauka, ziba tundu la sakafuni, jaza maji kama sentimita tano, acha saa 24, nenda chini uangalie. Ikiwa ni sakafu hakuna njia ya mkato, tailizi za bafu zitoke, sakafu isafishwe hadi kwenye zege, ipakwe kizuia maji cha saruji mara mbili kwa kupishana, kipandishwe ukutani angalau sentimita 30 na upande wa shawa mpaka usawa wa kichwa, kizunguke vizuri tundu la kutolea maji maana pale ndipo panapovuja kila siku, halafu rudia kile kipimo cha saa 24 KABLA ya tailizi mpya. Fundi atakwambia hakuna haja, tunachelewa. Mwambie kuna haja. Kama bafu bado halivuji na tailizi ni za zamani ila zimeshika vizuri, mimi siziondoi, nakwangua tu ile grauti nyeusi naweka mpya, nabadilisha koki, kioo, na kifuniko cha choo, bafu linakuwa lingine kwa hela ya kawaida kabisa.

Na usihamishe choo wala jiko. Mtu anaona kwenye picha jiko limefunguka sebuleni na yeye anataka, lakini katika haya majengo vyoo na majiko yamepangwa juu kwa juu kwenye bomba moja la kushuka, ukihamisha choo mita mbili unalazimika kunyanyua sakafu ili bomba lipate mteremko, unaharibu kizuia maji, na unamletea jirani wa chini bomba la maji taka kwenye dari ya chumba cha kulala, na hiyo gharama haitarudi kwenye kodi hata siku moja.

Mabomba yenyewe, yale ya chuma ya zamani, yanaota kutu ndani mpaka njia inabaki nyembamba kama kalamu, ndiyo maana asubuhi maji yanatoka ya kahawia na shawa inadondosha tu. Usikubali kuvunja kuta zote kuyatoa. Yafungwe yabaki humo humo yalipo, na mabomba mapya ya plastiki ya PPR yapitishwe nje ya ukuta kwenye kona, yafunikwe kwa kiboksi cha mbao chenye skrubu, siku likivuja unafungua skrubu na sio nyundo. Kila flati iwe na koki yake ya kufungia, maana kuna majengo mtu wa ghorofa ya pili akibadilisha bomba la sinki watu wote wanakosa maji, na ugomvi wa hapo unaisha kwa koki moja tu. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamaliza karibu lita 20 kwa siku, na kwenye jengo lenye bili moja ya maji ya kugawana hizo lita zinageuka uhasama wa majirani.

Ghorofa ya chini ina shida yake. Ukuta unalowa kuanzia chini, rangi inavimba, unga mweupe unatoka, na hiyo ni chumvi inayobebwa na maji kutoka ardhini, maji yanakauka chumvi inabaki. Watu wanapaka rangi ya mafuta juu yake ili kuuziba, na unyevu unachofanya ni kupanda juu zaidi utokee sehemu nyingine. Toka nje kwanza. Katika maeneo mengi ya Dar barabara na nyua zimepandishwa miaka nenda rudi, kifusi juu ya kifusi, mpaka udongo wa nje umezidi usawa wa sakafu ya ndani, kwa hiyo mvua ikinyesha ukuta unakaa ndani ya maji. Chimba kando ya ukuta, shusha udongo chini ya sakafu, weka mfereji unaopeleka maji mbali, hiyo ni kazi ya koleo na vibarua wawili watatu na mara nyingi inaondoa zaidi ya nusu ya tatizo. Ndani, gonga lipu iliyokufa, panapolia bo, toa mpaka kama sentimita 30 juu ya doa, acha ukuta upumue kwa wiki kadhaa kipindi cha kiangazi, ndipo upige lipu mpya. Haraka hapo ni hasara.

Na kwa wenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, Mji Mkongwe Zanzibar, Bagamoyo, Lamu, Mombasa ya zamani, tafadhali sana msipige lipu ya saruji kwenye kuta hizo. Ukuta wa chokaa unameza unyevu na kuutoa, ukiufunika na saruji unyevu unafungiwa ndani, boriti za mikoko zinaoza vichwa pale zilipoingia ukutani, lipu nayo inabanduka na kung'oa jiwe. Chokaa inachukua muda na inahitaji fundi anayeijua, lakini mafundi hao bado wapo na ukimtumia huyo hela yako haipotei.

Turudi kwenye zege. Ukiona ufa unaofuata mstari ulionyooka chini ya slabu au kwenye balconi, na kipande kimedondoka nondo nyekundu inaonekana, hiyo ni nondo imeota kutu na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwa hiyo inapasua zege kutokea ndani. Karibu na bahari chumvi ya hewani inaharakisha. Kupaka saruji juu na rangi ni kuficha ugonjwa. Gonga zege legevu mpaka uzunguke nyuma ya nondo, isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, paka dawa ya kuzuia kutu, jaza kwa mota, yaani mchanganyiko maalumu wa saruji wa kukarabati zege, na kama nondo imekwisha imekonda, simamisha kazi uite injinia. Balconi iangalie kwa makini zaidi kwa sababu imening'inia, na nondo yake kubwa inayobeba iko JUU sio chini, kwa hiyo maji yanayotuama juu ya balconi yanaila mahali ambapo huioni. Usiongeze tailizi nzito pale, usijenge ukuta wa tofali kuigeuza chumba, na mpangaji anayepanga ndoo na mapipa ya maji kwenye balconi umuombe kwa upole ayatoe.

Na kuta za ndani msivunje kienyeji. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi watu wakiwa kazini, wakafa watu zaidi ya 20, na serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Tangu siku ile mimi fundi akiniambia huu ukuta haubebi kitu namuuliza nani amesema. Kibali cha manispaa na saini ya injinia kwa mabadiliko ya namna hiyo sio usumbufu, chini na juu ya huo ukuta kuna familia za watu.

Sasa nije kwenye vile vitu vinavyong'olewa, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo sehemu inayoweza kukuokolea hela nyingi kuliko zote. Terazo kwanza. Ile sakafu ya vipande vya marumaru ndani ya saruji, iliyogawanywa kwa vijiti vya shaba, ilimwagwa na kusagwa hapo hapo na watu wenye ujuzi, na leo ukitaka kumwaga mpya kwa ubora ule utalia. Inaonekana mbaya kwa sababu imebeba miaka ya nta, moshi na rangi iliyodondoka. Tafuta mtu mwenye mashine ya kusaga, nyufa zijazwe kwa saruji nyeupe iliyochanganywa rangi inayoendana, isagwe kwa maji kuanzia jiwe la kukwaruza mpaka jiwe laini, ing'arishwe. Sakafu ya chumba kizima inarudi kama ilivyozaliwa, ina ubaridi wa miguu ambao watu wa Dar tunaujua thamani yake mwezi wa pili, na haibanduki. Tailizi juu ya terazo inaongeza uzito, inainua sakafu, unalazimika kukata milango yote chini, na baada ya miaka zinaanza kulia na kunyanyuka. Kitu kimoja tu, mwambie mpangaji asitumie asidi ya chooni kuisafisha, asidi inakula marumaru na saruji, sabuni ya kawaida na maji inatosha.

Milango ya mninga na mvule vile vile. Fundi atakwambia imechakaa, kumbe imevaa rangi tabaka sita. Kwangua, piga msasa, paka vanishi, badilisha bawaba na kitasa. Kama chini imeoza peleka Keko, mafundi wa pale wanaunga kipande cha mbao ile ile huoni hata kiungo. Mlango wa kisasa wa ubao wa kubandika bafuni haumalizi miaka mitatu, unavimba kwa maji. Na ukikubali kung'oa, uliza milango ya zamani inakwenda wapi, kwa sababu mninga una soko na mara nyingi unaondoka saiti kimya kimya kama takataka.

Luva. Najua wengi wanaziona za kizamani lakini fikiria hewa. Dirisha la kusukuma la vioo viwili linafunguka nusu tu, siku zote nusu moja imefungwa, luva inafunguka karibu dirisha lote na mvua ikinyesha kidogo unaiinamisha hewa inaendelea kupita. Jengo lilichorwa upepo uingie upande huu utokee ule, ukipunguza madirisha nusu umemlazimisha mpangaji anunue kiyoyozi, na bili ya umeme itamuondoa kwako. Kinachohitajika ni kubadilisha vibanio vilivyovunjika, kuongeza vioo vilivyopotea, kuimarisha grili, na kuweka wavu mzuri wa mbu kwenye fremu inayotoka ili uoshwe. Wavu usiuone kitu kidogo. Dar ilipigwa na dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengue anauma mchana watoto wakiwa wamekaa sebuleni, wakati neti ya kitandani imefungwa juu. Mbu huyo huyo anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, kwa hiyo paa ulilosafisha na tanki ulilofunika vizuri vinafanya kazi mbili.

Jipsamu sitaizungumza sana. Kwenye flati yenye dari ya zege nzuri haina kazi, inashusha chumba, inaficha maji yanayovuja mpaka siku linadondoka bamba zima, na pangaboi linakosa nafasi. Piga skimming dari, yaani lipu laini nyembamba, paka nyeupe, basi. Jiko nalo lisiwe na makabati ya ubao wa kubandika mpaka chini sakafuni, weka meza ya zege yenye tailizi, chini wazi au milango ya mbao iliyoinuliwa kutoka sakafuni, mende wanapungua na maji ya kudeki hayaozeshi kitu.

Umeme ni mahali ambapo sibani hela. Nyaya za zamani ziliwekwa kwa ajili ya taa, pasi, redio na pangaboi, leo kuna friji, birika, jiko la umeme, hita ya maji na kiyoyozi kwenye soketi zile zile. Ukifungua soketi ukakuta waya umekuwa mgumu, unakatika ganda ukiukunja, huo umekwisha, badilisha wote, usiunge. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, hita na jiko vipate njia zake vyenyewe zenye waya mnene na sakiti breka yake, ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, iwepo ya kweli na sio ya kwenye mchoro, na kwenye boksi iwepo ile swichi ya usalama ya miliampia 30 inayokata mtu akiguswa na umeme. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, muombe uione. Na kama wapangaji wanachangia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, hata kama hukupanga kufanya hivyo, tenganisha, kila mtu mita yake au angalau mita ndogo. Sijaona kitu kinachovunja ujirani kwenye nyumba za kupangisha kama LUKU ya kuchangia, huyu ana friji, yule ana taa mbili tu, mwisho wa mwezi ni maneno. Kwa nyumba za korido za Magomeni na Ilala, ambako kila chumba ni familia, kazi hii naiweka mbele hata ya rangi.

Rangi inakuja mwisho, na iwe kiangazi, mwezi wa sita hadi wa tisa, kuta zikiwa zimekauka baada ya masika. Jengo la zamani linaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi kwenye tabaka za chini, hasa kwenye mbao na vyuma, kwa hiyo msasa uwe wa kulowesha maji, vumbi lifagiliwe likiwa bichi, na watoto wasiwepo, maana risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na kama kuna mabati ya asbesto juu ya banda la nyuma au gereji, yale ya kijivu mazito yenye mawimbi, msikate kwa msumeno wala msivunje, vumbi lake linaleta saratani. Yakiwa mazima yaache, yakilazimika kutoka yatolewe yakiwa yamelowa na watu wanaojua. Nje tumia rangi ya kuhimili mvua, kwa ndani tumia rangi ya maji ya kawaida, na korido na ngazi paka ya mafuta mpaka usawa wa kiuno ili ioshwe. Chagua rangi moja kwa flati zote na uandike namba yake, siku ukuta mmoja ukichafuka hupaki chumba kizima.

Kuhusu mafundi, wapo wazuri sana na nawaheshimu, ila mfumo wa kumpa mtu mmoja hela yote afanye umeme, bomba na rangi hauna faida kwako. Nunua vifaa mwenyewe Gerezani, lipia lebo chaji, yaani ufundi, kwa hatua, hatua ya bafu ilipwe baada ya kipimo cha maji, hatua ya umeme baada ya kupima ethi. Na kabla lipu haijafunika bomba au waya wowote piga picha ukuta mzima ukiwa umeweka futi kamba ionekane, picha hizo ziwe kwenye faili la jengo. Zitamuokoa atakayekuja miaka kumi baadaye.

La mwisho ni watu waliomo ndani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inachukulia kwamba anayepangisha sehemu ya jengo ameahidi kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja, kwa hiyo hivyo sio zawadi kwa mpangaji, ni deni. Katika haya majengo kuna wazee wamekaa miaka 40, wanajua kila bomba linapopita, na mwenye nyumba mpya anaona ukarabati ndiyo njia ya kuwatoa. Mimi kazi ya namna hiyo siifanyi. Ukarabati wa maji na umeme unaweza kufanyika watu wakiwa ndani, unafuata bomba moja la kushuka kwa wakati mmoja, flati zote zilizo kwenye bomba hilo zinapewa taarifa wiki mbili kabla, bafu la muda linawekwa uani, kazi ya nyundo inaisha saa kumi jioni. Mpangaji akiona paa limepona na bomba linatoa maji, ukimwambia kodi itapanda kidogo mwakani anaelewa, na mkae naye mezani mkubaliane kiasi kabla fundi hajaingia, mkiandike, kila mmoja abaki na nakala yake.